Acheni Kutuvua Viatu

Kuna sentensi nimeichoka. Huwa inatokea mapema, aya ya pili au ya tatu ya karibu kila makala ya Kiswahili inayogusa mbio. Mtoto anakimbia peku, vumbi jekundu linapanda nyuma yake, nyayo zake ngumu kama ngozi ya ngoma, jua ndo kwanza linachomoza. Kisha mwandishi anatuambia kwamba viatu ni mambo ya kuletwa, kwamba sisi tulizaliwa na soli zetu, na kwamba anayehangaika na raba nene za mwendo mrefu amesahau alikotoka. Wasomaji tunapiga makofi. Inasomeka vizuri, hilo sikatai.

Niliwahi kuiandika mimi mwenyewe. Nitafika huko.

Naishi Isansa, wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe. Nafundisha, na alfajiri nakimbia. Siku za kazi kilomita 6 au 8, Jumapili 20 na kitu. Atakayeniambia nikimbilie lami aje aone: lami ya maana huku kwetu ni ile barabara kuu ya kwenda Tunduma, na hiyo ina wenyewe. Malori ya Zambia na Kongo hayana muda wa kumkwepa mwalimu aliyevaa kaptula. Kwa hiyo tunakimbia kwenye njia za udongo, katikati ya kahawa na mahindi. Kiangazi udongo unakuwa unga mtupu juu, na chini yake mawe yamejificha. Mvua zikianza, Novemba hivi, udongo uleule unageuka gundi. Kila hatua unaongeza tope chini ya kiatu mpaka unahisi umefungiwa tofali kila mguu. Halafu kuna njia za matairi. Lori la mahindi likipita kwenye tope, jua likaja kukausha, unabaki na mfereji mgumu wenye kingo kali, na mfereji huo unaishi mpaka mvua nyingine.

Naeleza haya yote kwa sababu ndiyo hoja yenyewe. Kiatu cha mwendo mrefu hakina uzuri wala ubaya kikiwa peke yake kwenye boksi. Kina uzuri au ubaya chini ya mguu fulani, juu ya njia fulani, baada ya kilomita kadhaa. Anayekisifu au kukilaani bila vitu hivyo vitatu anatunga. Kutunga ni kazi nzuri, sote hapa tunaipenda, ila safari hii kuna mtu anaweza kuteguka kifundo kwa sababu ya utunzi wako.

Nianze na watu wa peku.

Shujaa wao ni Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu, kwa saa 2:15:16. Ni kweli tupu. Tena alimaliza usiku, kwenye mwanga wa mienge, na hiyo ni picha ambayo mwandishi yeyote angefanya lolote aipate. Sasa kwa nini hadithi yenu inaishia Roma? Miaka minne baadaye, Tokyo 1964, Bikila yuleyule alikimbia amevaa viatu na soksi, kama siku 40 tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Alishinda tena, kwa saa 2:12:11. Dakika 3 na sekunde 5 pungufu ya Roma, na muda bora kuliko wote duniani wakati ule. Sijawahi kukutana na insha ya Kiswahili inayomsifu Bikila wa Tokyo. Soksi hazina mvuto.

Wengine, wenye kusoma zaidi, hukimbilia sayansi. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Daniel Lieberman na wenzake uliolinganisha waliozoea kukimbia peku, wakiwemo vijana wa Bonde la Ufa nchini Kenya, na waliozoea viatu. Wale wa peku mara nyingi walitanguliza sehemu ya mbele ya wayo, wakaukwepa ule mshtuko wa kisigino. Christopher McDougall alikuwa ameshatoa kitabu chake Born to Run mwaka 2009, na vitu viwili hivyo vikikaa pamoja, peku ikawa falsafa. Kilichosahaulika ni utafiti mwingine wa mwaka 2013, uliofanywa kwa Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, watu waliokua bila viatu. Walipoachwa wakimbie kwa kasi wanayoipenda wenyewe, wengi walitua kwa kisigino. Yaani hata waliokulia peku hawana namna moja ya kukimbia. Huyo "Mwafrika mwenye mguu wa asili" ni mhusika wa kubuni, na hata kama mhusika ni dhaifu. Hana mama, hana bei ya kiatu, hana mwiba.

Sasa aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita niliandika insha kuhusu mashindano ya mbio ya shule. Nilimweka kijana mmoja katikati, nikampa nyayo za ngozi ya ngoma, nikampa vumbi, nikampa jua. Nikaisoma mbele ya watu, nikasifiwa, nikarudi nyumbani nimevimba kichwa. Kijana yule akamaliza shule, akabaki hapa kwenye kahawa ya wazazi wake, na siku moja ile insha ikamfikia kwenye simu. Alikuja kwangu jioni. Shikamoo, marahaba, akakaa.

"Mwalimu, yule kwenye insha ni mimi?"

"Ni wewe."

"Imeandikwa vizuri." Akanyamaza kidogo. "Ila mimi sikuwa nakimbia peku kwa kupenda. Viatu vilikuwa pea moja, vya shule. Mama alisema nikivichana nitaenda darasani na kandambili."

Sikuwa na jibu. Akaniambia pia jambo ambalo macho yangu ya uandishi hayakuliona: alimaliza mbio ile na mwiba kwenye wayo, akautoa usiku kwa sindano ya kushonea, dada yake akimshikia tochi. Mimi niliandika jua linachomoza. Mbio zenyewe zilikuwa saa nane mchana.

Tangu siku hiyo tunakimbia wote Jumapili. Ni mwepesi kuliko mimi kwa mbali, huwa ananisubiri kwenye miinuko. Na kupitia yeye ndipo nilipolijua kundi la pili, ambalo kwa kweli linanikera zaidi, kwa sababu lenyewe linajiita wahakiki.

Mmeshawasoma. Kiatu kipya kimetoka, wao wameshakiona picha, na sifa ziko tayari: ni kama kuelea juu ya mawingu, kinakusukuma mbele chenyewe, miguu haichoki. Ukitafuta walikikimbilia wapi, kilomita ngapi, mvua au jua, wana uzito gani, hupati. Sisi wa vitabu tunaijua tabia hii. Ni yule mhakiki anayenakili jalada la nyuma la riwaya, anaongeza "mwandishi ametumia lugha nyepesi", anamaliza na "kitabu hiki kinafaa kwa rika zote". Hajafika sura ya nne. Tofauti ni kwamba riwaya mbovu itakula jioni yako moja. Kiatu kibaya kitakula msimu.

Sisemi sponji ni uongo. Mwaka 2017 Nike walitoa Vaporfly 4%, na hiyo asilimia 4 ilitoka maabara: wakimbiaji 18, kwa wastani, walitumia nguvu pungufu kwa kiasi hicho. Lakini ona ni akina nani. Wanaume wenye uwezo wa kumaliza kilomita 10 chini ya dakika 31, wako juu ya mashine ya kukimbilia, na utafiti umegharamiwa na kampuni yenyewe. Faida ipo, na mbio za dunia zilibadilika. Tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna, ingawa haikuhesabiwa kuwa rekodi. Januari 2020 World Athletics wakaona waweke mpaka: soli isizidi unene wa milimita 40, na bamba gumu la ndani liwe moja tu. Hata kwa mpaka huo, Oktoba 2023 Kelvin Kiptum akaenda Chicago akatoa 2:00:35.

Wiki mbili kabla ya Kiptum, Tigist Assefa alishinda Berlin kwa 2:11:53 akiwa amevaa kiatu cha Adidas chenye gramu 138, bei yake dola 500. Waliokitengeneza walisema wazi kwamba ni cha mbio moja, pamoja na mazoezi machache ya kukizoea. Piga hesabu: zaidi ya shilingi milioni moja, mbio moja, kwenye lami tambarare ya Ujerumani. Sina ugomvi na kiatu hicho. Kilitengenezwa kwa ajili ya Berlin, kikafanya kazi Berlin. Ugomvi wangu ni na yule anayekaa mjini na kuandika kwa Kiswahili kwamba kila mkimbiaji makini sasa lazima awe na soli nene na bamba la kaboni. Kila mkimbiaji wa wapi, kaka? Umemuuliza anapita njia gani?

Kijana wangu alisoma maneno hayo akayaamini. Alikuwa amejiandikisha mbio za kilomita 42 huko Mbeya. Akaweka akiba ya hela ya kuchuma kahawa, akashuka Tunduma, akatafuta kwenye mitumba mpaka akakuta raba nene zenye bamba ndani. Shilingi 90,000, baada ya kuvutana. Muuzaji alimhakikishia ni OG, mzigo wa majuu, na kwa kweli chini mpira ulikuwa bado una meno. Alinionyesha kwa furaha, na mimi, mwalimu mzima, nikamwambia hongera.

Ambacho hatukujua kukiangalia ni kwamba mpira wa chini na sponji ya katikati havizeeki pamoja. Mpira unaweza kubaki mpya na sponji ikawa imekufa. Mwenyewe wa kwanza, popote alipo, alikuwa akikanyagia ndani. Upande wa ndani wa kisigino ulikuwa umelala, wa nje umesimama. Kwenye sakafu ya duka husikii kitu. Sasa weka hapo kimo. Soli ya kimo cha karibu milimita 40, laini, yenye kitako chembamba, tayari imeinama upande mmoja, inakanyaga kingo ya mfereji wa tairi uliokauka. Ilikuwa Jumapili ya pili, kwenye mteremko. Nilikuwa hatua 20 nyuma yake. Nilimwona akikaa chini kabla sijamsikia.

Bodaboda ilimrudisha nyumbani. Wiki saba hakukimbia. Mbio za Mbeya zilipita, na ada hairudishwi. Hilo ni dogo. Ulikuwa wakati wa mavuno, na mtu wa mguu mmoja hapandishi debe la kahawa kutoka bondeni. Nusu ya msimu ilikwenda hivyo, mdogo wake akitolewa shule siku mbili kwa wiki kumsaidia mama. Nawaomba waandishi wa mawinguni na waandishi wa ngozi ya ngoma wamtafutie huyo mdogo wake sentensi.

Kwa hiyo niseme ninachokijua sasa, na si kingi.

Kiatu kiweke juu ya meza, kisigino kikutazame, kisha chuchumaa macho yawe usawa wa meza. Kikiinama, kiache, hata kama muuzaji anaapa kwa jina la mama yake. Tazama kuta za sponji pembeni: mikunjo mingi ya kulala, kama paji la uso la mzee, ina maana imeshabanwa mara nyingi na haitainuka. Bonyeza kwa kidole gumba kisigino cha kulia, kisha cha kushoto, ndani na nje. Sehemu zote zinapaswa kujibu sawasawa. Kunja kiatu, kijikunje pale vidole vyako vinapokunjika, kisijikunje katikati kama kitabu. Nenda sokoni jioni, usiende asubuhi, maana mguu unavimba kutwa nzima, na kwenye kilomita ya 20 utavimba zaidi. Beba soksi unazokimbilia. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, la sivyo mteremko utakulipa kwa kucha nyeusi.

Hapo bado hujakijaribu. Umekikagua tu, ni kama kusoma faharasa. Kukijaribu ni kutoka nacho dakika 20, kurudi, kukaa siku nzima na kusikiliza. Ugoko unasemaje? Goti? Kano ya nyuma ya kisigino? Kisha kilomita 10, kisha njia yenye mteremko, kisha njia ya tope, na usiingie nacho kwenye 25 kabla ya wiki tatu. Kiatu kinachokupendeza kwa dakika 20 kinaweza kukusaliti kwenye saa ya pili, sponji ikishapata joto na wewe ukishachoka kunyanyua mguu. Kwetu huku nimejifunza kupenda soli ya unene wa kati, yenye kitako kipana, mpira umefunika chini kote, na meno yasiyobana sana, kwa sababu meno yaliyobanana yanashika tope hayaachii. Sponji iliyoachwa wazi bila mpira inaliwa na mawe ya Mbozi kama mkate. Hiyo ni njia yangu na miguu yangu yenye kilo 74 juu yake. Wewe wa Dar unayekimbia ufukweni, usininakili.

Na ukimpelekea fundi viatu raba iliyokwisha, akakubandikia kipande cha tairi chini, mshukuru, itakufaa shambani. Usiikimbilie. Tairi ni zito na halikunjiki, na sponji iliyokufa haifufuki kwa gundi.

Najua nitakachoambiwa. Kwamba watoto waliokua bila viatu wana miguu yenye nguvu: sikatai, na aliyezoea peku akiingia ghafla kwenye soli nene, au aliyezoea soli akavua ghafla, wote wanatafuta maumivu. Mimi mwenyewe huwa navua raba na kuzunguka uwanja wa mpira mara tano sita kwenye nyasi. Lakini kuvua kwa hiari na kukosa ni vitu viwili, na nyie mnaviandika kama kimoja. Kwamba viatu ni anasa kwa maskini: ndiyo maana hasa uhakiki uwe mkali. Mwenye pea nane anaweza kukosea saba. Nani anamwandikia mwenye pea moja?

Na kwamba haya si mambo ya ukumbi wa fasihi. Hapa ndipo nakataa kabisa. Sisi ndio tuliochagua picha za kubaki nazo. Muulize mpenda fasihi wa Kitanzania kuhusu mbio ndefu, atakutajia John Stephen Akhwari, Mexico 1968: alianguka, goti likatoka mahali pake, akafika uwanjani akichechemea na bandeji, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi. Namheshimu mzee yule kuliko ninavyoweza kuandika. Ila tumemfanya kuwa jeraha. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia kwa 2:09:48, sekunde 0.03 mbele ya Mjerumani Amanal Petros. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, na imepatikana kwa hatua moja ya mwisho. Nimesubiri insha juu ya hatua ile. Mguu ulitua vipi, kiatu kilishika vipi, mazoezi ya miaka mingapi yalikuwa ndani yake. Nimesoma hongera nyingi. Insha bado sijaiona, na nina wasiwasi kwamba ikija itaanza na mtoto, peku, vumbi jekundu, jua.

Kijana wangu ana raba nyingine sasa. Mtumba tena, shilingi 45,000, za unene wa kati, hazina bamba. Jina la kampuni limefutika pembeni na hatujali. Tulizikagua pamoja kwenye meza ya muuzaji mpaka akatuuliza kama tunanunua au tunafanya mtihani. Nyumbani kuna daftari la shule, kurasa za nyuma, anaandika kila alichokimbia nazo. Watengenezaji wengi hutaja kati ya kilomita 500 na 800 kwa pea moja mpya. Zetu zilikuja na umri ambao hatuujui, kwa hiyo tunazichungulia kila wiki. Juzi daftari lilifika 318. Upande wa ndani wa kisigino cha kulia kuna mkunjo mmoja ambao wiki iliyopita haukuwepo. Ameuwekea alama kwa kalamu, na Jumapili tunakwenda 16 badala ya 24.